KESI IKICHELEWA, HAZINA HUPUNGUA



Tumechagua jambo ambalo karani huliona kila siku mezani pake, bali ni nadra kulitia katika hesabu: jinsi kesi za jinai zinavyogusa mfuko wa halmashauri. Wako wasemao, "Mahakama si yetu, polisi si wetu, gereza si letu, gharama zake zatuhusu nini?" Neno hilo ni kweli katika maandishi, lakini si kweli katika fedha.

Tutazame kwanza mambo ya zamani. Wakati wa Gavana Donald Cameron, sheria ya mwaka 1926 iliwapa watemi madaraka ya utawala, na sheria ya mwaka 1929 ikaweka mahakama za wenyeji. Ada na faini za mahakama hizo ziliingia katika Hazina za Wenyeji, pamoja na sehemu ya kodi. Mapato ya hukumu na gharama zake yakasomwa katika daftari moja. Lakini mpango huo ulikuwa na hatari kubwa, kwa kuwa aliyehukumu na aliyehitaji faini walikuwa watu wa nyumba moja. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 ikaweka mahakama za mwanzo chini ya mahakama za nchi, zikatoka mikononi mwa serikali za mitaa. Haki ikapata kinga. Bali ni rahisi kudhani kwamba gharama nazo ziliondoka. Hazikuondoka; zilijificha tu.

Zimejificha wapi? Mtu akijeruhiwa, hupewa fomu ya polisi nambari 3, nayo hujazwa na mganga wa hospitali au kituo cha afya. Mganga huyo mara nyingi ni mtumishi wa halmashauri, naye ndiye atakayeitwa kutoa ushahidi. Vivyo hivyo mtendaji wa kijiji, mwalimu, na bwana mifugo. Tuseme kesi moja ina mashahidi 5 watumishi, nayo imeahirishwa mara 4 baada ya wao kufika. Hizo ni siku 20 za kazi zilizolipwa mshahara pasipo kazi, yaani karibu mwezi mzima wa mtumishi mmoja. Wagonjwa walingoja, watoto hawakufundishwa, wala hakuna fungu la makisio lililoandikwa hasara hiyo. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

Tena yako mapato. Sisi wa Mara twaujua wizi wa ng'ombe. Mfugaji akiona mwizi yu huru kwa sababu jalada halikukamilika, huyaondoa mazizi yake akaenda mbali, au huogopa kupeleka ng'ombe mnadani; na penye mnada mtupu hapana ushuru. Ndiyo maana katika miaka ya 1980 watu wa Usukuma na Unyamwezi walianzisha sungusungu, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Walinzi hao wamesaidia wengi. Lakini wakihukumu wenyewe, hutokea kesi nyingine iliyo nzito kuliko ile ya kwanza.

Yatupasa kukumbuka pia kwamba marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliziagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Basi shilingi 100 za ushuru zikipotea, shilingi 10 zimetoka mkononi mwa watu hao.

Je, dawa ni kutoza faini nyingi? La, hasha. Halmashauri ikitegemea faini za sheria ndogo kujaza makisio, itakuwa imerudi katika hatari ile ile ya zamani, na mwananchi atamwona mgambo kuwa mtoza kodi mwenye kirungu. Haki inayokwenda upesi si ile inayofunga watu wengi, bali ile inayomaliza shauri kwa siku chache, mwenye hatia akajulikana na asiye na hatia akaenda zake. Katiba yenyewe, katika ibara ya 107A, yaagiza haki isicheleweshwe bila sababu ya msingi.

Liko na jambo jingine jema. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 yaruhusu mkosaji ambaye kifungo chake hakizidi miaka 3 kufanya kazi ya umma bila malipo badala ya kufungwa. Akifagia zahanati au akichimba mtaro, jamii hupata jasho lake, na jioni hurudi kulilisha jamaa yake.

Sasa neno kwetu sisi makarani. Hatuwezi kuamuru mahakama, wala haifai. Lakini twaweza kumfikishia shahidi hati yake ya wito mapema, kuitunza barua isipotee, na kuandika katika daftari kila siku ambayo mtumishi amekwenda mahakamani na kurudi bila kusikilizwa. Mwisho wa mwaka, daftari hilo liwekwe mbele ya madiwani wakati wa makisio. Hapo hasara iliyojificha itakuwa na tarakimu, na penye tarakimu watu hawawezi kusema hawakujua.