Maneno ya Sayansi Kinywani mwa Mchuuzi

Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo jepesi kuonekana na gumu kuzuilika, nalo ni namna wachuuzi wa dawa na wa vitu vya afya wanavyoazima maneno ya sayansi na kuyavika bidhaa zao, hata mnunuzi akaona haya kuuliza. Wazee wetu walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatusemi kuwa kila kitembezwacho ni kibaya, maana hata sabuni njema yahitaji mtu wa kuitangaza. Twasema hivi tu: kitu kikitembezwa kwa maneno asiyoyafahamu mnunuzi, wala muuzaji mwenyewe, hapo yafaa kusimama na kufikiri.

Maneno hayo hubadilika kwa zamani. Kwanza yalikuwa sumaku na umeme, kisha yakawa radiamu na miali; leo ni mawimbi, masafa, kwantamu, na kuondoa sumu mwilini. Kila neno katika hayo lina maana yake sahihi mahali pake, nalo limepatikana kwa jasho la watu waliopima, wakapima tena. Ubaya hauko katika neno. Ubaya uko katika kulichukua neno na kukiacha kipimo chake, kama mtu aliyevaa joho na kilemba cha kadhi akaketi sokoni kuwahukumu watu. Kilemba ni cha kweli, bali hukumu yake si hukumu.

Tutaleta mifano mitatu, kwa kuwa neno la sayansi laweza kudanganya kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni neno kutaja kitu kisichokuwapo. Mwaka 1778 tabibu mmoja, Franz Anton Mesmer, alifika Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Alifundisha kwamba viumbe vyote vyapitiwa na mkondo usioonekana, akauita sumaku ya viumbe hai, na kwamba maradhi ni kuzibika kwa mkondo huo. Siku zile sumaku na umeme zilikuwa habari mpya za wenye elimu, na watu wakuu wa mji wakamiminika kwake. Wengine walitetemeka, wengine wakazimia, na wengi wakasema wamepona.

Mwaka 1784 Mfalme Louis wa 16 aliweka baraza la wataalamu kuichunguza habari hiyo. Miongoni mwao alikuwamo Benjamin Franklin, aliyekuwa mjumbe wa Marekani nchini Ufaransa, na Lavoisier, bingwa wa kemia. Hawakubishana na maneno, bali waliweka mtihani. Katika bustani ya Franklin, mwanafunzi mkuu wa Mesmer alitia ile nguvu katika mti mmoja. Kisha akaletwa kijana wa miaka 12 aliyefungwa kitambaa machoni, akapitishwa katika miti minne mingine isiyotiwa kitu. Kila alipofika kwenye mti alizidi kuona dalili, na kwenye mti wa nne akaanguka amezimia, ilhali mti huo haukuwa ule uliotiwa nguvu. Baraza likakata shauri kwamba kilichofanya kazi ni mawazo ya mgonjwa mwenyewe, na kwamba ule mkondo hauna ushahidi.

Natuangalie vema jambo hili. Kijana yule hakuwa mwongo, alizimia kweli. Kwa sababu hiyo ushuhuda wa mtu aliyepona, hata awe mwaminifu namna gani, hautoshi peke yake. Maradhi mengi huondoka yenyewe, na mengine hupanda na kushuka. Mtu hununua dawa siku maumivu yamemzidi, na yakipungua kesho yake huishukuru ile chupa. Njia ya kujua kweli ni ile ya bustanini: wengine wapewe kitu chenyewe, wengine wapewe mfano wake mtupu, na mpokeaji asijue alichopewa.

Njia ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni neno kutaja kitu kilichopo kweli, lakini dai lililofungwa katika neno hilo likawa uongo. Mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre waligundua radiamu, madini yatoayo miali bila kukoma. Matabibu waliona kuwa miali hiyo yaweza kuua uvimbe mbaya, na sifa zake zikaenea duniani. Haukupita muda wachuuzi wakaanza kuuza maji ya radiamu, mafuta ya radiamu na mitungi ya kutia radiamu katika maji ya kunywa.

Mmoja wao alikuwa William Bailey wa Marekani, aliyejiita daktari na hali hakuwa na shahada ya udaktari. Katika miaka ya 1920 aliuza vichupa vya maji vilivyoitwa Radithor, akidai kuwa vyarudisha nguvu na kuponya maradhi mengi. Cheti cha chupa kilithibitisha kuwa mna radiamu ndani yake. Na kweli ilikuwamo! Hapa ndipo penye somo. Siku hizo serikali ya nchi ile ilikuwa ikiwaandama wachuuzi waliouza maji yasiyo na radiamu kwa jina la radiamu. Huyu hakuwa na kosa hilo. Alichoandika ndicho alichotia.

Tajiri mmoja wa Pittsburgh, Eben Byers, aliyepata kuwa bingwa wa mchezo wa gofu wa nchi yake mwaka 1906, aliumia mkono mwaka 1927, akashauriwa anywe maji hayo. Mwanzoni alijiona amechangamka, akaendelea kuyanywa, hata ikakadiriwa kuwa amekunywa chupa zipatazo 1,400. Mwili hauitambui radiamu. Huidhania kuwa chokaa ya kujengea mifupa, ukaiweka mifupani, na huko hutoa miali mchana na usiku. Nusu ya radiamu ya kawaida huchukua miaka 1,600 kutoweka. Basi hakuna umri wa binadamu utakaoingojea. Mifupa ya Byers ikaanza kuoza. Mwanasheria wa serikali aliyekwenda kuchukua ushahidi wake mwaka 1931 alimkuta ameondolewa karibu taya lote la juu na sehemu kubwa ya taya la chini. Alifariki tarehe 31 Machi 1932, akiwa na miaka 51, akazikwa katika jeneza lililozungushiwa risasi ndani.

Basi ikiwa mchuuzi atatuambia, "Dawa hii ina kitu fulani, na hiki hapa cheti," yatupasa kumjibu, "Tumekubali kwamba kimo. Je, chafanya unalolisema?" Maswali hayo ni mawili, na jibu la moja si jibu la jingine.

Njia ya tatu ni neno kung'olewa mahali pake. Sauti hii ikufikiayo, ewe msikilizaji, huja juu ya mawimbi. Kila kituo cha redio kina masafa yake yenye hesabu, na fundi akikosea hesabu hiyo husikii neno. Hayo ni masafa kweli, maana yapimika, na kosa lake hujulikana papo hapo. Leo wako wauzao bangili na vidani wakisema kwamba vyalingana na masafa ya mwili na kuupa nguvu. Waulize, masafa hayo ni hesabu gani, na chombo gani kimeyapima? Jibu hawana. Mwishoni mwa mwaka 2010 kampuni ya bangili za Power Balance ilitakiwa na wakuu wa Australia walindao haki za wanunuzi kutoa uthibitisho wake, nayo ikakiri hadharani kuwa haikuwa na ushahidi wa sayansi wa kuaminika.

Tena mwezi wa Desemba 2021 mamlaka ya Uholanzi isimamiayo usalama wa nyuklia iliwaonya watu juu ya bidhaa kumi, zikiwamo vidani, kitambaa cha kufunika macho wakati wa kulala, na bangili ya watoto. Bidhaa kama hizo zilikuwa zikiuzwa kama kinga ya mawimbi ya simu. Zilipopimwa zilionekana kutoa miali ya namna ile ile iwezayo kudhuru mwili ikiwa mtu atazivaa muda mrefu. Mtu aliyekimbia hatari ya kuambiwa alikuwa amejifunga shingoni hatari ya kweli.

Wala mambo haya hayako ng'ambo tu. Katika miji yetu ya Afrika Mashariki twaona mahema na vyumba vidogo ambamo mtu hushikishwa kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, na baada ya dakika chache huambiwa hali ya ini lake, moyo wake, mifupa yake na hata ubongo wake, kwa nguvu za kwantamu. Kwantamu ni elimu ya chembe ndogo mno, nayo ni elimu ya kweli. Bali kijiti kilichoshikwa mkononi hakiwezi kusoma sukari ya damu wala maradhi ya ini. Na si ajabu kwamba anayepima ndiye auzaye dawa, na kwamba hakuna atokaye pale akiwa mzima.

Wengine huwatia watu miguu katika beseni la maji ya chumvi lipitalo umeme, maji yakageuka rangi ya kahawia, wakasema, "Tazama sumu iliyokutoka." Rangi ile ni kutu ya vyuma vilivyomo ndani ya maji. Mwambie mwenye beseni awashe chombo chake pasipo mguu wa mtu. Maji yatageuka vile vile. Kazi ya kuondoa sumu ina wenyewe mwilini. Ini huzigeuza, na figo huchuja maji yapatayo lita 180 kwa siku, yakarudishwa damuni karibu yote, na taka zikatoka kwa mkojo. Viungo hivyo vikishindwa, mtu ni mgonjwa wa hospitali, si wa beseni.

Huenda mtu akasema kuwa twadharau dawa za miti shamba na maarifa ya wazee. Sivyo kabisa. Katika nchi ya China mmea mmoja wa jamii ya pakanga ulitumiwa tangu kale kwa homa. Mwaka 1972 Tu Youyou na wenzake walitoa katika mmea huo kiini kiuacho vijidudu vya malaria, wakakipima kwa wanyama na kwa watu. Dawa zilizotoka katika kiini hicho ndizo zitumikazo leo katika dawa mseto ya malaria hapa kwetu, naye Tu Youyou akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mmea ule haukupata heshima kwa kuvishwa maneno makubwa. Uliipata kwa kukubali kupimwa.

Basi, wasikilizaji wetu, kabla ya kutoa fedha yafaa tuulize mambo matatu. Kwanza, neno hili lapimwaje, na kwa chombo gani? Pili, ni nani aliyejaribu dawa hii asiyepata faida kwa kuiuza, naye aliilinganisha na nini? Tatu, yadaiwa kuponya maradhi mangapi? Dawa ya kweli aghalabu ina kazi chache zijulikanazo, pamoja na madhara yake; iponyayo kila kitu yapasa kutiliwa shaka. Tena tukumbuke kuwa leseni ya biashara si ushahidi wa uponyaji. Kwa habari ya usajili wa dawa, Tanzania iko Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na Kenya iko Bodi ya Famasi na Sumu. Kuuliza huko si aibu.

Hasara ya fedha ni chungu, lakini si kubwa kuliko zote. Hasara kubwa ni ya mama mwenye kisukari aambiwaye kuwa mwili wake umekwisha kusafishwa, akaiacha sindano yake. Au ya mzee mwenye shinikizo la damu aliyevaa bangili akatupa vidonge. Bangili haimwui mtu; kinachomwua ni kile alichokiacha kwa ajili yake. Kwa hiyo, mtu wa nyumbani mwetu akija na chupa mpya au chombo kipya, tusimcheke, maana alikwenda kutafuta afya, na hilo si kosa. Tumwulize kwa upole jambo moja kabla ya mengine yote: dawa uliyopewa hospitali, je, ungali ukiitumia? Asipokuwa akiitumia, tumrudishe kwa daktari wake siku ile ile.