Bustani ya Nyumbani Kiangazi Kinapoanza



Katika sehemu za milimani za Kenya zilizo mashariki ya Bonde la Ufa, mvua za vuli huanza Oktoba, na kwa kawaida hukoma mwezi wa Desemba. Tangu hapo hata kufika masika, ambayo hungojewa Machi, pana muda wa karibu miezi mitatu ya jua. Muda huo ndio upimao bustani ya nyumbani. Nyumba nyingi huwa na mboga tele wakati wa Krismasi, na ifikapo Februari huzinunua sokoni kwa bei ya juu, katika siku zile zile ambazo fedha zimekwisha kutoka kwa sare, vitabu na karo za watoto. Mara nyingi hasara hiyo haitokani na uhaba wa maji peke yake. Hutokana na kutoitazama bustani katika majuma mawili ya kwanza ya kiangazi.

Dalili za kiangazi huonekana mapema. Umande huwa mwingi alfajiri, na kufika saa nne asubuhi umekwisha kukauka. Udongo mwekundu hufanya ganda juu, kisha hupasuka nyufa nyembamba. Majani ya sukuma wiki hulegea saa sita mchana. Yakisimama tena jioni, mmea ungali na maji mizizini. Bali yakiwa yamelegea hata asubuhi, huo mmea una kiu ya kweli. Basi mwenye bustani huutazama mmea asubuhi kabla ya kuamua kuutilia maji, wala hadanganywi na sura yake ya mchana.

Dalili nyingine iko chini ya jani. Vidukari, wale wadudu wadogo wenye rangi ya kijivu au kijani wanyonyao utomvu, hupenda siku kavu, kwa kuwa hakuna mvua ya kuwaosha na kuwaangusha. Katika joto letu majike huzaa bila dume, na mtoto huweza kuzaa naye baada ya siku saba au kumi hivi. Kwa hiyo vidukari wachache wa Jumatatu wanaweza kuwa jeshi kabla mwezi haujaisha. Wakionekana sisimizi wakipanda na kushuka shinani, jani lipinduliwe mara moja. Sisimizi hunywa maji matamu yatokayo kwa vidukari, na kwa ajili ya hayo huwalinda kama mchungaji alindavyo ng'ombe wake.

Lakini si kila mdudu ni adui. Yuko mdudu wa mviringo, mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi, ambaye chakula chake ni vidukari. Mtoto wake hafanani naye hata kidogo: ni mweusi, mrefu, mfano wa mamba mdogo sana, na kabla ya kukua hula vidukari kwa mamia. Watu wengi humwua kwa kutomjua. Kinyonga naye huchukiwa bure, ingawa kazi yake mchana kutwa ni kula nzi na panzi. Na juu ya bustani huruka mbayuwayu waliotoka Ulaya, ambao hukimbia baridi ya huko na kukaa kwetu mpaka Machi au Aprili, wakila wadudu warukao.

Chukueni mfano wa majirani wawili. Wa kwanza aona majani yamejikunja, anunua dawa kali ya sumu na kunyunyiza bustani nzima. Vidukari wafa, na wale wawalao wafa pamoja nao. Baada ya majuma mawili vidukari warudi, nao hawana mpinzani. Tena, mboga haziwezi kuliwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite. Wa pili apindua majani kila asubuhi. Jani lililojaa sana alikata na kulifukia mbali. Penye vidukari wachache awasugua kwa vidole, au awaosha kwa maji yenye sabuni kidogo wakati wa jioni, jua lisije likaunguza majani. Kazi hiyo haizidi robo ya saa. Mwezi wa Februari, ni yupi atakayepeleka watoto wake kuchuma, na ni yupi atakayewapeleka dukani?

Kwa habari ya maji, yafaa yatiwe shinani asubuhi na mapema au jioni, mengi kwa mara moja baada ya siku kadhaa, kuliko kidogo kidogo kila siku. Maji machache hubaki juu, na mizizi huyafuata huko huko juu ambako jua huichoma. Wakati wa mvua, matuta ya kuinuka ni mema. Kiangazi, mboga hufaa kupandwa katika vijaruba vilivyo chini kidogo ya usawa wa ardhi, vyenye kingo, ili kila kata ya maji ibaki pale ilipomwagwa. Juu ya udongo yatandazwe majani makavu, lakini yasiguse shina, na yafunuliwe mara kwa mara kutazama kama mchwa wameingia.

Na penye maji haba, afadhali mashina ishirini yatunzwe vema kuliko mia yafe pamoja. Kunde huvumilia ukame kuliko sukuma wiki. Kwa hiyo zipewe sehemu yao kabla udongo haujakauka kabisa.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa bustani ni mdogo, nao uko upande wa chini wa jani. Aupataye ni yule atokaye nje asubuhi, umande ukali bado majanini, akainama na kulipindua.