Flopi Mbili na Daftari la Karani

(Hotuba iliyotolewa bwaloni katika mkutano wa mwaka wa wahitimu, mbele ya walimu na wanafunzi wa vidato vyote)

Kaka zangu mliotutangulia, na ninyi wadogo zetu mliokaa sakafuni ili sisi wenye vitambi tupate viti:

Ndugu Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya vyombo vya mawasiliano na jinsi vilivyotufikia sisi watu wa Ufipa. Nadhani alinichagua kwa sababu nilipokuwa hapa niliitwa Fundi. Wanafunzi wasidhani kuwa lilikuwa jina la sifa. Nililipata baada ya kufungua redio ya mwalimu wa zamu, nikaifunga, nikabakiwa na skrubu tatu mkononi. Basi nitazungumza juu ya vyombo, lakini ninalo pia deni katika shule hii, na sitashuka hapa kabla ya kulitaja.

Niliingia kidato cha kwanza mwaka 1994. Mwaka huo huo, huko Dar es Salaam, kampuni ya Mobitel ilianza kuuza huduma ya simu za mkononi. Lililokuwa Shirika la Posta na Simu liligawanywa, simu zikaenda TTCL. Na televisheni ikaanza kuonekana Tanzania Bara, miaka 21 baada ya Zanzibar, ambako ilianza mwaka 1973. Mambo hayo yote sisi tuliyasikia kwa Redio Tanzania, na redio yenyewe iliendeshwa kwa betri zilizokwisha nguvu, tulizozianika juani mchana ili zipate roho ya kutufikisha kwenye taarifa ya habari ya usiku. Barua ya kutoka Dar es Salaam ikifika kwa wiki mbili, ulisema imewahi. Barabara ya Tunduma ilikuwa ya udongo, kilomita zaidi ya 200, na masika yalipokolea lori liliweza kulala njiani siku tatu likisubiri tope likauke. Vijana mnaosafiri leo juu ya lami mnaona ni hadithi.

Baba yangu alikuwa na redio ya mkulima, kubwa, yenye mfuko wa ngozi. Ilipokufa kabisa nilimwomba spika yake, nikaitunza. Iwekeni akilini spika hiyo.

Babu yangu naye alikuwa na chombo chake cha kunionyesha. Nilipokuwa mdogo alinichukua mpaka porini, njia ya Chala, akanionyesha lungu lililobomoka. Wengi wenu mmeyaona malungu: tanuri za udongo za kuyeyushia mawe ya chuma, ndefu kupita mtu, hata mita 3. Ajabu yake ni kwamba halikuvukutwa. Matundu yalizunguka chini, na urefu wa lungu lenyewe ndio uliovuta hewa, moto ukala makaa na mawe siku kadhaa bila mtu kugusa mvukuto. Mivukuto ilikuja baadaye, kwenye tanuri dogo liitwalo kintengwe, ndipo chuma kikasafishwa, kikafuliwa kuwa jembe. Kazi hiyo ilikufa katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, majembe ya dukani yalipoenea. Babu hakusema mengi. Aligonga ukuta wa lungu kwa fimbo, akasema hapa palikuwa na watu wanaojua. Mimi nilikuwa nafikiria redio.

Oktoba 2000 niliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hapo ndipo nilipoiona intaneti kwa macho. Tulipanga foleni. Kompyuta moja, watu kumi, na kila mmoja amepewa muda wake kwa karatasi. Mjini vilikuwako vibanda vya kulipia kwa saa, nami nilikula wali bila mboga ili nipate saa yangu ya Jumamosi. Ukurasa mmoja wenye picha ulifunguka kuanzia juu, mstari kwa mstari, kama mtu anayevuta pazia kwa mkono uliochoka. Hatukukasirika hata kidogo. Tulikaa tukitazama paji la uso la mtu likitokea, kisha macho, kisha muda ukaisha.

Nitawaeleza ilivyokuwa, kwa kuwa wengi mmezaliwa mambo yamekwisha badilika. Wakati ule nchi yetu haikuwa imeunganishwa na dunia kwa waya wa baharini. Ukiandika barua pepe ukiwa Posta Mpya kwenda kwa mwenzako aliyekaa Mbeya, mara nyingi ilipanda kwenye setilaiti iliyo juu ya ikweta, kilomita kama 36,000, ikateremkia Ulaya au Marekani, halafu ikarudi kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana ilikuwa polepole, na ndiyo maana ilikuwa ghali. Waya wa kwanza mkubwa, SEACOM, ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Na Mkongo wa Taifa ukaendelea kutandazwa hadi mikoani. Pesa kwa simu, ambazo Kenya walianza mwaka 2007, zilitufikia sisi mwaka 2008. Hayo nayapita haraka kwa sababu yako mifukoni mwenu.

Hata majina ya vitu hivyo yalitusumbua. Wataalamu wa lugha walituletea ngamizi, wakatuletea tarakilishi. Wananchi wakawasikiliza kwa adabu, wakaendelea kusema kompyuta.

Pale chuoni tulipenda kuwacheka wazee wetu wa Serikali. Tulisoma kwamba kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kwamba mwaka 1974, baada ya hesabu za Hazina kuvurugika mikononi mwa mitambo hiyo, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Watu gani hawa, wanaogopa mashine ya kujumlisha? Miaka michache baadaye nilikuja kuwafikiria wazee wale kwa heshima zaidi.

Sasa nafika kwenye deni.

Kaka zangu mnamkumbuka Mzee Karani. Alikuwa na kaunta buku kubwa yenye jalada jeusi, kona zake zimeshonwa kwa uzi wa viatu. Humo aliandika kila mwanafunzi aliyepita hapa: jina, mwaka wa kuingia na wa kutoka, kijiji alikotoka, na baada ya kuondoka, alikokwenda, kadiri habari zilivyomfikia. Safu ya mwisho aliiita "Mengineyo". Hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Huyu alikimbia shule akarudi kwa miguu kutoka Laela. Huyu aliimba vizuri. Huyu alimzika mama yake katika wiki ya mtihani, akafaulu. Hakuna aliyemtuma kuandika hayo.

Desemba 2003 nilikuja likizo nikiwa na kompyuta ya kubeba, niliyoazima kwa mtu. Nilikuwa karibu kumaliza chuo, na nilitaka wote waone. Nikamwambia Mzee Karani: babu, nipe daftari hilo, nikuwekee majina yote katika vitu viwili vinavyoingia mfuko wa shati. Alinitazama kwa muda. Akanipa.

Nilichapa usiku kumi na moja, umeme ukikatika na kurudi. (Umeme wa mji wetu, kwa wasiojua, kwa miaka mingi umetoka Zambia kupitia Mbala, na Zambia nao walikuwa na shida zao.) Nilichapa majina mia sita na ushee. Lakini safu ya "Mengineyo" sikuichapa. Haikuenea kwenye kioo. Ilifanya jedwali liwe baya, maneno mengine yakikatika, mengine yakishuka mistari mitatu. Nikaona ni porojo za mzee. Jina, mwaka, kijiji, basi. Nikaliweka jedwali langu katika flopi mbili, zenye kitu kile kile, ili moja ikiharibika nyingine iwepo. Nilijiona mtu wa tahadhari sana.

Nilipomrudishia daftari lake, lilikuwa limeanza kuachia kurasa. Nikamwambia, mbele ya watu, maneno ambayo nayakumbuka yote: "Babu, hili sasa halina kazi tena." Alilipokea kwa mikono miwili. Alistaafu mwaka uliofuata. Stoo iliposafishwa, waliosafisha walikumbuka kwamba Fundi alisema halina kazi. Sitaki mtu mwingine alaumiwe kwa hilo. Waliosikia wamesema kurasa zilionekana sokoni zimefungiwa karanga.

Mwaka 2011 alinifuata kijana mmoja kutoka upande wa Mtowisa, kule bondeni Rukwa. Baba yake alisoma hapa, alimaliza kidato cha nne mwaka 1979, akafariki mtoto akiwa hajaanza kutembea. Nyumba yao iliungua baadaye, hakuna picha. Mama yake alimwambia jambo moja tu, kwamba katika shule ile kulikuwa na karani aliyeandika habari za kila mtu. Alikuwa amepanda kutoka bondeni kuja kusoma mstari mmoja.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, majina yote ninayo. Tukaenda ofisini kwangu. Kompyuta mpya zilikuwa hazina tena tundu la flopi. Tukatafuta ya zamani iliyokuwa imewekwa kando. Nikaingiza flopi ya kwanza. Ikasaga, ikasaga, kisha kioo kikaniuliza kwa upole kama nataka kuiandaa upya, maana haikuwa na kitu. Nikaingiza ya pili. Swali lile lile. Kijana amekaa pembeni, kofia yake mapajani.

Flopi nilizitunza miaka yote hiyo ndani ya bati la biskuti, pamoja na vitu nilivyovipenda. Spika ya redio ya baba ilikuwa humo. Wanafunzi wa fizikia mmekwisha elewa, naona mnatazamana. Flopi ni karatasi ya plastiki iliyopakwa unga wa oksidi ya chuma, ndugu wa karibu wa kutu, na herufi zake si wino bali ni vipande vidogo vya unga huo vilivyoelekezwa huku au kule kwa sumaku. Nyuma ya spika kuna sumaku. Huenda ilikuwa ni spika, huenda ilikuwa ni ukungu, maana fundi mmoja wa Dar es Salaam aliifungua moja akanionyesha madoa. Vyovyote vile, chuma cha babu yangu bado kinalima: jembe lake moja liko nyumbani kwetu, limelika hadi kubaki upana wa kiganja. Chuma changu mimi hakikudumu hata miaka minane.

Nakala nyingine nilikuwa nimejitumia kwa barua pepe. Masanduku ya bure ya siku zile yalikuwa madogo, megabaiti chache tu, na usipolifungua kwa siku kadhaa hufutwa. Nilipopangiwa kazi mara ya kwanza nilikaa vijijini miezi miwili bila kuona kompyuta. Niliporudi, sanduku lilikuwapo, tupu.

Lakini tuseme flopi zingefunguka. Ningempa nini yule kijana? Jina la baba yake, ambalo alikuwa nalo. Mwaka, ambao aliujua. Kijiji, ambacho ndicho alichotoka asubuhi ile. Mstari alioufuata ulikuwa katika safu niliyoiacha. Na nakumbuka kwamba ulikuwapo, ndugu zangu. Nakumbuka kuwa mbele ya jina lile kulikuwa na maneno marefu, mpaka yakapanda pembezoni mwa ukurasa, na nakumbuka niliudhika kwa sababu ya urefu wake. Maneno yenyewe siyakumbuki. Nimelala nikiyatafuta mara nyingi.

Mzee Karani alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki mwaka mmoja kabla.

Sikuacha kupenda vyombo. Nisiwadanganye wanafunzi: simu hii niliyo nayo mfukoni naipenda, na wiki iliyopita nimeifungua kuona betri yake. Kompyuta imenisaidia kazini kuliko kalamu, na kundi letu la WhatsApp limechanga fedha za matibabu ya wenzetu kwa usiku mmoja, jambo ambalo kwa barua lingechukua msimu mzima. Lakini kundi si daftari. Mtu akibadili namba anatoweka, akifa anatolewa.

Tangu mwaka 2012 nimekuwa nikiyakusanya upya majina, kwa kuuliza. Nimefika mia tatu na kidogo. Kuna miaka nina darasa karibu zima, na kuna miaka nina watu wawili. Miaka ya mwanzo ndiyo mibaya zaidi, na waliokuwapo wanapungua kila mkutano. Ninyi wenyewe mmeona viti vya mbele.

Pale mlangoni, kwenye meza, nimeweka kaunta buku mbili, kalamu ya wino, na kijana wa kidato cha tatu mwenye mwandiko mzuri. Kila mstari unaandikwa mara mbili. Kitabu kimoja kitabaki shuleni, kingine kitakwenda kwa Katibu, na mimi nitapiga picha kila ukurasa kwa simu. Safu ya mwisho nimeichora pana, nusu nzima ya ukurasa. Tafadhali msiandike vyeo. Andikeni kile ambacho mwenzenu wa bwenini angekisema.

Na kaka zangu mliokuwa hapa kati ya 1976 na 1979: kulikuwa na kijana aliyetoka upande wa Mtowisa. Jina lake nitawatajia mkinifuata, sitaki kulitangaza bila mwanawe. Mwanawe amekuja leo. Amekaa mstari wa nyuma, karibu na dirisha, shati la bluu. Mwenye kukumbuka lolote, hata kama ni jina la utani, hata kama ni ugomvi, amfuate yeye kabla ya kwenda kwenye chakula.