Kumuuguza Mwenzi Baada ya Upasuaji Mkubwa

Upasuaji mkubwa, hasa wa tumbo au kifua, hufuatiwa na kazi ya aina mbili. Ya kwanza ni ya madaktari na wauguzi: kulinda uhai, kutuliza maumivu na kuzuia maambukizi. Ya pili ni ya mgonjwa mwenyewe: kupumua vizuri, kuinuka, kutembea na kula. Mume au mke anayeuguza hana uwezo wa kupanga dawa, wala hawezi kutembea kwa niaba ya mgonjwa. Lakini anaweza kumsaidia mgonjwa aifanye sehemu yake, na msaada huo una thamani kubwa.

Saa za mwanzo, mgonjwa huwa bado na usingizi wa nusu kaputi. Huenda akawa na dripu mkononi, mpira wa mkojo, na mrija unaotoa majimaji karibu na kidonda. Vitu hivi huwashtua ndugu, lakini ni vya kawaida na huondolewa kadiri hali inavyotengemaa. Mwenzi aulize kila kimoja kina kazi gani, na aangalie kisijikunje wala kuvutwa. Asimpe mgonjwa chochote mdomoni, hata maji, kabla muuguzi hajaruhusu. Midomo ikikauka, ilowanishwe kwa kitambaa safi chenye unyevu.

Mgonjwa wa umri mkubwa anaweza kuchanganyikiwa ghafla, hasa usiku: akamsahau mtu anayemjua, akaona visivyokuwapo, au akataka kung'oa dripu. Muuguzi aarifiwe mara moja, kwa kuwa huenda chanzo ni maambukizi au upungufu wa oksijeni. Wakati huohuo mwenzi amshike mkono, amweleze kwa upole yuko wapi na ni saa ngapi, na amvalishe miwani yake kama anaitumia. Sauti aliyoizoea humtuliza.

Baada ya hapo huja suala la kuinuka. Zamani aliyepasuliwa alilazwa kitandani siku nyingi. Katika miaka ya 1990, daktari wa upasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, aliunganisha mambo matatu katika utaratibu mmoja: kutuliza maumivu vizuri, kula mapema na kuinuka mapema. Wagonjwa wakawa wanarudi nyumbani haraka zaidi. Sababu zinaeleweka. Mtu asiposogea, damu huweza kuganda katika mishipa ya miguu, na bonge likipanda hadi mapafuni linaweza kuua. Mapafu yasiyojaa hewa hukusanya makohozi na kuleta nimonia. Ndiyo maana huruma ya kumwambia mgonjwa "wewe lala tu" inaweza kumdhuru.

Daktari akisharuhusu, kuinuka kuna namna yake. Mgonjwa hukunja magoti na kugeuka ubavu mwili mzima kwa pamoja. Huteremsha miguu kando ya kitanda huku akijisukuma kwa mkono, ili misuli ya tumbo isivutike. Akishakaa, atulie kwanza mpaka kizunguzungu kiishe. Mwenzi asimame upande wake, amshike mgongoni, na asimvute kwa mikono. Siku ya kwanza huenda ikawa hatua chache hadi kwenye kiti. Inayofuata, hadi mlangoni mwa wodi. Anapokohoa, akumbatie mto mdogo au kanga iliyokunjwa juu ya mshono. Maumivu hupungua, na makohozi hutoka.

Mgonjwa mwenye maumivu makali hawezi kutembea wala kuvuta pumzi ndefu. Wengi hujikaza, wakidhani kuomba dawa ni udhaifu. Mwenzi anayemfahamu huona uso ukikunjamana, na hapo ni wajibu wake kumwita muuguzi. Dawa kali za maumivu hufunga choo. Chakula kikisharuhusiwa, maji ya kutosha, papai na mboga husaidia. Kidonda nacho kinahitaji protini ili kifunge, kwa hiyo samaki, mayai, maharage, maziwa au kuku visikosekane kwa yule asiyekatazwa.

Siku ya ruhusa, mwenzi aondoke na majibu kamili: dawa zipi na saa ngapi, kidonda kisafishwe vipi, nyuzi zitolewe lini, na kliniki ni tarehe ngapi. Nyumbani, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa bandeji. Majivu, chumvi au dawa za majani visipakwe kwenye kidonda. Aliyepasuliwa tumbo kwa kawaida huzuiwa kubeba vitu vizito kwa takriban wiki 6, maana mshono wa ndani ukiachia huleta ngiri. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa takriban kilo 20, hivyo kuchota maji iwe kazi ya wengine. Lini kurudia tendo la ndoa, aulizwe daktari bila haya.

Huzuni na hasira za ghafla ni za kawaida katika kupona, na mwenzi asizichukue kama matusi. Huzuni ikidumu, daktari aambiwe. Anayeuguza naye ni binadamu: apokezane zamu na ndugu, alale, ale, na amkabidhi mtu mwingine kazi ya kupokea wageni na simu.

Hatimaye, zipo dalili zisizongoja tarehe ya kliniki: homa ya nyuzijoto 38 au zaidi, kidonda kutoa usaha au kufunuka, tumbo kuvimba na kutapika kusikokoma, mguu mmoja kuvimba na kuuma, maumivu ya kifua, au kupumua kwa shida. Mwenzi anayeona mojawapo ampeleke mgonjwa hospitali saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku.