Kufungua ajansi ya kazi: franga zitoke mfukoni mwa nani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka



Komite iliniomba niongee juu ya wazo lenye vijana wetu wameleta: kufungua ajansi ya kuwatafutia watu kazi. Wazo ni zuri. Lakini ajansi kama hii inaweza kutuinua ao kutuuza, na tofauti iko kwa swali moja tu: nani analipa?

Kwanza tuangalie kwa nini tunaihitaji. Mwaka 2005 meli za HCR zilianza kuvusha watu ziwa kutoka Kigoma kuja huku. Watu walirudi na ufundi: kujenga, kushona, kutengeneza pikipiki, kupikia watu mia moja kwa mara moja, kutunza hesabu. Shida ni kwamba hapa Fizi kazi inapita mdomoni. Patro anauliza rafiki yake, rafiki anataja mutu mwenye anamujua. Wewe uliishi Nyarugusu miaka kumi, nani hapa ameona ukuta wako kama umenyooka? Cheti chako kimeandikwa kwa Kiingereza, na patro anasoma Kifaransa. Anakiweka pembeni.

Katikati ya fundi na patro ndipo anasimama yule mutu wetu tunayemujua wote, komisyonere. Anakwambia: toa franga, nitakuingiza kwa shantiye. Wengine wanakata malipo ya juma la kwanza lote. Kwa wamama na mabinti wanaomba kitu kingine, na tukiite kwa jina lake: ni unyanyasaji wa kingono. Mimi ninafanya kazi ya ONG, na dosiye za kuomba kazi zinanifuata mpaka nyumbani. Mnajua jibu langu: sina kazi ya kugawa. Lakini ninaelewa kwa nini mutu anajaribu kila mlango.

Sasa, tukifungua ajansi yetu na tukamuomba mwenye kutafuta kazi alipe, tutakuwa komisyonere mwenye kuwa na muhuri. Fanyeni hesabu. Watu 200 wakiandikwa kwa dola 5 kila mmoja, ni dola 1.000 mkononi, na hakuna hata mmoja amepata kazi. Tena mutu akifukuzwa kesho, atarudi kulipa upya. Ajansi itakula kwa njaa ya watu wake. Lakini kama mwenye kulipa ni patro, na analipa tu wakati mfanyakazi amemaliza mwezi mmoja, hapo ajansi inapata kitu pale ambapo mutu anayefaa yuko mahali panapomfaa. Siyo mimi wa kwanza kusema hivi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema katika kifungu cha 7 kwamba ajansi za binafsi zisitoze wafanyakazi malipo yoyote, ya wazi ao ya kuzunguka. Kuruhusu kinyume chake ni jambo la pekee lenye masharti yake.

Mtaniuliza: patro atalipa kwa nini, na watu wamejaa barabarani? Atalipa kama tunamuuzia kitu chenye hana: uhakika. Fundi akija kujiandikisha, tunamupa kazi ndogo ya kujaribiwa mbele ya fundi mzee. Tunapigia simu watu wawili wenye aliwahi kufanya nao kazi. Cheti chake tunakitafsiri kwa Kifaransa. Na patro tunamuahidi: mutu akishindwa ndani ya mwezi, tunaleta mwingine bila malipo mapya. Hiyo ahadi tukiivunja mara mbili, biro ifungwe tu.

Tuje kwa hesabu ya biro, mfano tu. Fundi analipwa dola 120 kwa mwezi. Patro anatupa mara moja asilimia 10 ya mshahara wa mwezi wa kwanza, ndiyo dola 12. Tukipanga nyumba kwa dola 40, simu na usafiri 30, karani 110, jumla ni dola 180. Inamaanisha watu 15 wapate kazi kupitia kwetu, kila mwezi, mvua ao jua. Patro wa hapa wataajiri watu 15 kila mwezi? Muende muhesabu shantiye, hoteli, mashule na masirika kabla ya kupanga nyumba. Mimi ningeanza na meza moja ndani ya nyumba ya chama, simu moja, daftari moja, na karani wa nusu siku. Kama matumizi yote ni dola 60, watu 5 kwa mwezi wanatosha.

Kuna aina ya pili ya ajansi, na ninawaomba tusiiguse sasa. Ni ile yenye kuajiri watu yenyewe, halafu inawapeleka kufanya kazi kwa patro mwingine. Kule Kolwezi, kwenye migodi mikubwa, watu wengi wanafanya kazi kwa njia hiyo. Hapo mshahara, CNSS na kodi vinakuwa juu ya kichwa chenu. Watu 30 kwa dola 120 ni dola 3.600 kwa mwezi. Mteja akichelewesha malipo miezi miwili, jamaa 30 zitakuja kulala mlangoni kwa prezida. Sisi tuunganishe tu: kontra inatiwa sahihi kati ya patro na mfanyakazi.

Upande wa karatasi. Chama chetu hakitafuti faida, na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 inakataza chama kama hiki kugawia wanachama faida. Njia safi ni vijana watengeneze koperative yao. Kwa sheria za OHADA, zenye zinatumika kwetu tangu Septemba 2012, watu 5 wanatosha kwa koperative iliyorahisishwa. Halafu wanaomba kibali cha wizara ya Kazi, na wanajitambulisha kwa ONEM, ofisi ya leta yenye kuandikisha watafuta kazi. Bila kibali musimuandikishe mutu.

Na kila mutu mwenye tunapeleka kazini ajue mambo matatu ya Kode ya Kazi. Saa za kazi hazipiti 45 kwa juma. Kipindi cha kujaribiwa, kwa mfanyakazi asiye na ufundi, hakipiti mwezi mmoja. Na mfanyakazi wa siku kwa siku akifikisha siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Wajenzi wengi wamefanya siku 22 mara nyingi bila kujua neno hili.

Jambo lenye kuuma kidogo: daftari lisiwe la watu waliorudi peke yao. Wenye walibaki hapa wakati wa vita nao hawana kazi, na tayari kuna maneno kwamba waliorudi wanapendelewa. Tukifunga mlango, patro ataogopa fujo na ataacha kutupigia simu. Mashamba yametugombanisha vya kutosha, tusiongeze kazi.

Kwa wafadhili, ombi ni dogo. Hatuombi jengo. Mnapojenga shule ao kituo cha afya, muombeni antreprenere wenu aangalie daftari letu kwanza, na ile asilimia 10 iingie ndani ya bajeti yenu, isikatwe kwa fundi.

Kwa wanachama: leo chagueni mama mmoja, asiye wa ajansi, mwenye atashika simu ya malalamiko. Namba yake ibandikwe mlangoni, sokoni na kanisani, chini ya maneno haya: HAPA KAZI HAINUNULIWI. Mutu yeyote akiombwa franga ao mwili kwa jina letu, apige simu ile ile siku.

Sasa nangojea maswali, na magumu yaanze.