Lodwar hadi Wajir: Kilomita za Ramani na Saa za Abiria

Kutoka Lodwar hadi Wajir ni takriban kilomita 520 kwa mstari ulionyooka. Ndege inayokwenda kilomita 450 kwa saa ingeumaliza mwendo huo kwa saa moja na dakika kumi hivi. Hesabu ni sahihi, ila safari yenyewe haipo. Anayetegemea ndege za ratiba hushuka kwanza Nairobi, takriban kilomita 510, kisha hupanda tena hadi Wajir, takriban 500. Miji hii mitatu imekaa kwenye pembetatu ya pande karibu sawa, hivyo abiria husafiri mwendo maradufu, na bado hajangoja ndege ya pili, ambayo huenda ikawa ya kesho. Ninachodai ni kwamba muda wa safari kati ya viwanja viwili vya pembezoni huamuliwa zaidi na mahali njia zinapokutania kuliko kilomita zinazovitenganisha. Mkazi wa mtaa wetu wa Dandora, hapa Nairobi, hahitaji kuelezwa hilo sana. Uwanja wa ndege wa Wilson uko kilomita 12 hivi kutoka hapa, lakini matatu zetu huishia tao, katikati ya jiji, na huko ndiko mtu hubadilishia gari la Lang'ata Road. Jam ikikaza, mwendo huo unaweza kula muda unaotosha ndege kufika Lodwar.

Pingamizi kubwa ni la kibiashara: abiria wa Lodwar kwenda Wajir ni wachache, na hakuna kampuni itakayorusha viti vitupu. Nalikubali, tena Lokichoggio inalithibitisha. Mji ule mdogo wa mpakani ulijaa ndege baada ya mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuisaidia Sudan kuanza mwaka 1989. Amani ilipotiwa saini mwaka 2005 na mashirika yakahamia Juba, ndege zikapungua. Umbali haukubadilika hata hatua moja. Shehena ndiyo iliyoondoka. Lakini pingamizi hili linaua wazo la ndege ya moja kwa moja tu. Halisemi kwamba abiria lazima wakusanyiwe Nairobi. Kupitia Isiolo, ambako jengo la abiria la uwanja wa ndege lilifunguliwa mwaka 2017, Lodwar hadi Wajir ni takriban kilomita 700 badala ya 1,000 na ushei.

Itasemwa kwamba Isiolo nako hakuna abiria. Bila shaka, kwa kuwa uwanja huo umeuzwa kama mwisho wa safari ya kutoka Nairobi, na nani atapanda ndege kwenda mahali ambako lami inamfikisha kwa nusu siku? Kama kituo cha kubadilishia, hesabu ni nyingine: ndege za Turkana, Wajir na Marsabit zikitua asubuhi moja, kila moja hubeba abiria wa nyingine. Wala tusiambiwe kwamba njia za anga hupangwa na soko peke yake. Mwaka 2006 serikali iliamuru ndege zitokazo Mogadishu kuja Nairobi zitue kwanza Wajir zikaguliwe, na abiria wakaongezewa saa kwa kalamu. Kikwazo kinachonipa shaka zaidi ni cha ardhini: njia ya kurukia ya Isiolo ina kilomita 1.4 hivi, fupi kwa ndege kubwa, na kuirefusha ni gharama ambayo kaunti tatu zingelazimika kuibebea hoja bungeni pamoja.