Kabla Hujaitupa Redio
Mazungumzo na wageni wapya

Leo nilipangiwa kuzungumzia bili ya umeme, lakini mniruhusu nianze na redio ya mzee mmoja wetu.

Alitoka nayo Nyarugusu. Inatumia mawe manne, na ina kadi ya nyimbo za kwaya ya kambini. Sauti ya marehemu mkewe imo humo. Hapa Marekani redio ikaanza kuzima kila akiiwasha. Akanunua mawe mapya mara tatu. Wajukuu wakamwambia aitupe.

Kambini niliwahi kukaa kwa fundi redio, basi nikachukua mita. Jiwe moja ni volti 1.5, kwa hiyo manne ni 6. Redio ikiwa imezimwa, mita ilisoma 6.3. Hilo lisiwashangaze, jiwe jipya lisilo na kazi husoma hata 1.6. Lakini nilipoiwasha, waya zinazoingia ndani zilisoma 3.1. Nusu imekwenda wapi?

Nikapima mawe yenyewe, redio ikiwa bado imewashwa: 6.0. Kumbe mawe ni mazima. Nikapima kati ya jiwe la mwisho na waya wa springi yake, mahali panapotakiwa kusoma karibu sifuri. Pakasoma 2.9. Springi ilikuwa imeota kutu. Redio ikizimwa umeme hautembei, kwa hiyo kutu haili kitu na mita husoma vizuri. Ikiwashwa, volti zinaishia pale.

Tulitoa mawe, tukafuta springi kwa pamba yenye siki kidogo, tukaikwangua kwa msasa laini, tukaiacha ikauke. Kwaya ikaimba. Mzee hakusema neno mpaka wimbo ulipokwisha.

Basi shikeni hili: pimeni kifaa kikiwa kazini. Hata adapta ya zamani iliyoandikwa volti 9 inaweza kusoma 12 au zaidi ikiwa haijaunganishwa na kitu. Si lazima iwe mbovu.

Ila hayo ni ya redio za mawe tu. Inayochomekwa ukutani msiifungue wenyewe. Umeme wa nyumba hapa ni volti 120, karibu nusu ya ule tuliouacha Tanzania, lakini unaua vilevile.

Mita iko ofisini kwetu. Leteni redio zenu kabla hamjazitupa. Sasa, tuje kwenye bili.